Mbona mambo ya fasihi ya Kenya nzima yamerundikwa Nairobi, na nani anafaa kulipia kwingine?

#1 Mtu_wa_Banda
Wadau, salaam. Naweka dai langu hapa, nanyi mnipinge kwa hoja.

Kenya ina kaunti 47. Ukitaka kumsikiliza mwandishi akihojiwa, ukitaka mjadala wa historia ambao yeyote anaruhusiwa kuingia, ukitaka maonyesho ya vitabu, basi tafuta nauli ya Nairobi. Na Nairobi yenyewe si ya Githurai wala Dandora. Ni kile kipande kinachoanzia Kenya National Theatre karibu na Chuo Kikuu, kinapita vituo vya utamaduni vya Goethe na Alliance Française, kinaishia Sarit kule Westlands maonyesho ya Septemba yanapofika. Mwalimu wa Lodwar mwenye kiu ya mambo haya afanyeje?

Sheria ipo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze utamaduni kupitia fasihi, sanaa, machapisho na maktaba. Jedwali la Nne linataja maktaba na makumbusho kuwa kazi ya kaunti. Ninavyoona mimi, majengo yaligatuliwa, pesa na watu wakabaki njiani. Sijasikia gavana aliyenyimwa kura kwa sababu maktaba ilikosa vitabu, nao magavana wanalijua hilo.

Nani alipie haya nchi nzima? Kaunti, serikali kuu, matajiri wetu, au sisi wenyewe?

#2 Jirani_Kaloleni
Ndugu, umeturuka sisi wa Eastlands. Maktaba ya Kaloleni na ya Makadara zimekarabatiwa, na shirika la Book Bunk ndio waliosimama na kazi hiyo tangu waanze mwaka 2017. Njoo Kaloleni saa kumi jioni watoto wakitoka shule. Wanaingia na mifuko mgongoni, wakubwa wanakimbilia meza za kufanyia kazi ya ziada, wadogo wanang'ang'ania vitabu vya picha na kuulizana nani alikuwa wa kwanza kukishika. Usiseme fasihi ni ya katikati ya jiji peke yake.

#3 Msee_wa_58
Wasee, shida ni doo tu. Hizo maktaba za KNLS, lile shirika la maktaba la taifa, kama McMillan zina vitabu vya zamani, na vipya dukani havishikiki. Mimi hununua kwa Inama pale Tom Mboya, unainama unachagua, unaenda home na vitatu kwa bei ya lanchi. Serikali ikitaka watu wasome iondoe ushuru kwanza. Tangu Sheria ya VAT ya 2013 kitabu kinatozwa asilimia 16. Huo mjadala mwingine wote utafuata.

#4 Mkutubi_Mstaafu
Kijana wa 58, McMillan si ya KNLS. Wengi huchanganya, na mkanganyiko huu una gharama, kwa sababu watu wanapeleka malalamiko ofisi isiyohusika.

McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 pale Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia. Ilijengwa kwa kumbukumbu ya tajiri mmoja mzungu, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mlango ulifunguliwa kwa wote mwaka 1958. Ina sheria yake peke yake, kisha ikawa chini ya Baraza la Jiji, na leo iko chini ya Kaunti ya Nairobi. Kaloleni na Makadara ni matawi yake. KNLS ni jambo jingine kabisa: iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, ikaanza kazi 1967, na hapa Nairobi ndiyo yenye Maktaba Kuu kule Upper Hill pamoja na Buruburu na Kibera.

Sasa nizungumzie pesa, kwa maana nimekaa nyuma ya kaunta miaka mingi. Bajeti ya maktaba ya umma hapa kwetu ikifika, mishahara inachukua sehemu kubwa, stima na maji vinafuata, mlinzi, na paa likivuja ndipo inapokwisha. Fungu la kununua vitabu vipya ndilo la kwanza kukatwa. Kwa hiyo mkutubi anategemea misaada kutoka nje. Vitabu vinakuja, tena vizuri, lakini aliyevichagua hamjui mtoto wa Kibera. Nilikuwa na rafu nzima za hadithi za theluji, na mtoto ananiuliza kama nina kitabu kinachozungumzia mji kama wake. Riwaya ya Kiswahili iliyotoka mwaka huo huo, nakala yake ilinifikia kwa nadra sana.

Nipeni fungu dogo la kila mwaka la kununua vitabu vya humu humu, lisiloguswa na mtu, nami nitawaachia ukarabati wenu wote.

#5 Mhariri_Mchovu
Naunga mkono #4, ila kwa #3 naongeza kitu. Ushuru unaumiza, sikatai. Lakini kilichoua maduka ya vitabu kwenye miji midogo nakijua kwa sababu nimefanya kazi ya uchapishaji.

Zamani shule ilipata ruzuku, mwalimu mkuu akachagua kati ya vitabu vya kiada vilivyoidhinishwa, akanunua kwa duka la mjini kwake. Mwenye duka la Bungoma au la Kerugoya alipata faida ya Januari, na faida hiyo ndiyo iliyomruhusu kuweka riwaya chache, diwani mbili tatu, tawasifu ya mtu wa pale kwao. Tangu 2018 serikali kuu hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, kitabu kimoja kwa kila somo. Watoto wamefaidika, maana sasa kila mmoja anaweza kuwa na kitabu chake. Lakini mwenye duka aliamka asubuhi hana biashara. Wengine sasa wanauza madaftari, kalamu na sare za shule.

Na mchapishaji naye? Zabuni moja ya kitabu cha kiada inalipa kuliko riwaya zote atakazochapisha miaka kumi. Mswada wa riwaya ukiletwa ofisini, swali la kwanza ni kama unaweza kuwa kitabu teule cha sekondari. Ukionekana hauwezi, unawekwa pembeni. Nimeshuhudia miswada mizuri ikilala kwenye kabati hadi mwandishi akachoka kupiga simu.

Kwa hiyo ukiuliza nani anafaa kulipia, mimi nasema serikali tayari inalipia vitabu, tena pesa nyingi. Imechagua aina moja tu.

#6 Mwalimu_Kitui
Nawasoma nyote na naona mnazunguka taasisi kubwa kuliko zote bila kuitaja. Tamasha la drama la shule na vyuo limekuwako tangu 1959. Tamasha la muziki ni la zamani zaidi, 1927. Kila mwaka, kila kaunti, watoto wanatunga tamthilia, wanaghani mashairi, wanacheza ngoma za kwao, wanashindana kutoka ngazi ya chini hadi taifa. Hakuna kitu kingine hapa nchini kinachoeneza sanaa ya neno kwa upana kama huo. Mtoto wa Mutomo na wa Westlands wanakutana jukwaa moja.

Nilikuwa na msichana mmoja kidato cha tatu. Shairi la kughani, alilitunga mwenyewe, kuhusu kisima kilichokauka. Alipolitoa ngazi ya kaunti ukumbi ulinyamaza, halafu akina mama wa jikoni waliokuwa wakichungulia dirishani wakaanza kupiga vigelegele kabla hajamaliza. Alipomaliza kidato cha nne, akarudi nyumbani. Hakuna kikundi, hakuna ukumbi, hakuna mtu wa kumuuliza ameandika nini tena. Ana duka la M-Pesa sasa.

Kwa maoni yangu tatizo liko hapo. Tunalea watunzi hadi miaka 18 halafu tunawaachia njia panda. Pesa ziwekwe kwenye kile kinachofuata baada ya shule.

#7 Binti_Pate
Assalaam alaykum. Mimi nawashangaa mnavyosema kaunti nyingine hazina kitu. Pwani tumekuwa na ushairi wa hadharani kabla Nairobi haijajengwa. Utendi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1858, na hadi leo wapo wanawake wanaousoma kwa sauti bibi harusi akikaa. Maulidi ya Lamu huleta watu kutoka kila upande, na hakuna ofisi iliyoandika pendekezo la mradi.

Kinachotuumiza ni kingine. Miswada ya zamani iko majumbani, kwenye masanduku, mchwa na chumvi ya bahari vinaila. Wazee wanaojua kuisoma kwa hati ya Kiarabu wanaondoka mmoja mmoja. Mtafiti anakuja, anapiga picha, anarudi kwao, na nakala hatuioni. Ukitaka kusaidia fasihi ya Lamu usituletee tamasha. Mlipe kijana mmoja akae na mzee mmoja, amfundishe kusoma hati ile.

#8 Mtu_wa_Banda
Asanteni. #7 umenigusa. #6 pia.

Nimekuwa nikisoma jinsi Marekani walivyofanya. Kila jimbo lina baraza lake la kusaidia fasihi, historia, falsafa na lugha kwa wananchi wa kawaida. Yapo 56 ukiongeza Washington na visiwa vilivyo chini yao. Pesa zinatoka serikali ya shirikisho kupitia mfuko wa NEH ulioundwa 1965, zinagawanywa hadi kijiji cha mwisho. Kwani sisi tushindwe nini kuwa na idara ya namna hiyo kila kaunti?

#9 Mkenya_Ohio
Sahihisho dogo kwa #8, kwa sababu niko huku. Mabaraza hayo si idara za serikali. Ni mashirika yasiyo ya kibiashara, yana bodi zao, yanapokea pesa za shirikisho lakini gavana hayaamrishi. Tofauti hiyo ni kubwa.

Kazi yao ni ndogo ndogo na ndiyo uzuri wake. Makumbusho ya mji mdogo inapewa ruzuku ya kurekodi wazee. Maktaba ya kijijini inapewa vitabu vya kundi zima pamoja na mtu wa kuongoza mjadala. Kule Louisiana, mwaka 1991, walianza mpango wa wazazi na watoto kusoma pamoja jioni maktabani, na majimbo mengine yakauiga. Mara nyingi mwombaji hutakiwa achangie upande wake, kwa pesa au kwa kazi ya kujitolea, kwa hiyo wenyeji wanaona ni yao.

Lakini msiwaige mkafumba macho. Aprili 2025 serikali ya shirikisho ilikatiza ruzuku hizo kwa barua. Watu wakaachishwa kazi. Wakfu wa Mellon ukatoa dola milioni 15 za dharura, na baraza la Oregon pamoja na shirikisho la mabaraza wakaenda mahakamani. Mnaotaka mfuko wa serikali, kumbukeni mkono unaotoa unaweza pia kujirudisha.

#10 Msee_wa_58
Ohio, asante kwa darasa. Ukirudi Disemba usituletee chokoleti, leta vitabu, Inama tutakukatia bei 😀

#11 Wakili_Mdogo
#9 amegusa jambo ambalo hapa kwetu lina historia nzito zaidi, nami nalisema wazi: siitaki serikali karibu na fasihi.

Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 hadi 1972 kwa kijitabu kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Kamirithu kule Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijenga jukwaa kwa mikono yao, wafanyakazi na wakulima wakaigiza kwa Kikuyu, watu wakafurika. Kibali kikafutwa, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini Disemba mwaka huo huo, na 1982 jukwaa likabomolewa. Huo ndio ulikuwa mfano bora kuwahi kutokea hapa wa mambo mnayoyaomba: sanaa ya umma, nje ya Nairobi, kwa lugha ya wenyeji, bila mfadhili. Serikali iliuona ikauvunja.

Mnataka kumpa gavana fungu la kuamua ni mwandishi gani aalikwe? Mwaka wa uchaguzi tutasoma sifa zake kuanzia Januari hadi Agosti.

#12 Mwalimu_Kitui
Wakili, hoja nzito. Lakini zingatia: tamasha la drama liko chini ya Wizara na bado watoto wametunga tamthilia zilizowakera wakubwa. Migogoro imekuwako, ndiyo, na mara nyingine mahakama imelazimika kuingilia. Serikali ikijitoa kabisa, mtoto wa Turkana anabaki na nani? Wewe na mimi tunaweza kununua kitabu.

#13 Mgeni_wa_Dar
Wakuu, habari za huko. Napita tu. Sisi tuna BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967, na sasa kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ambayo inaendeshwa na Taasisi ya Elimu. Mshindi anapata fedha na kitabu kinachapishwa, kinapelekwa shuleni na maktabani. Nyie mna wasomi wengi lakini hata baraza la Kiswahili hamjawahi kulifikiria.

#14 Mhariri_Mchovu
Karibu mgeni. Kulifikiria tumelifikiria. Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Kenya Agosti 2018. Tangu hapo ni kusubiri. Hilo la kuchapisha kitabu cha mshindi na kukifikisha shuleni ndilo ninalolionea wivu, kwa kweli.

Kwa sababu tuzo tunazo. Tuzo ya Jomo Kenyatta ilianza 1974, na mmoja wa waliopewa mwaka huo ni huyo huyo Abdilatif aliyetajwa na Wakili, kwa mashairi aliyoyaandika gerezani. Serikali ilimfunga, wachapishaji wakamtuza kwa tuzo yenye jina la rais aliyekuwa madarakani alipofungwa. Halafu 2014 ikaanzishwa tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, pesa zikitoka kwa kampuni ya mabati ya hapa kwetu na chuo kikuu cha Marekani. Imeibua waandishi wazuri sana wa Kenya na Tanzania. Lakini nenda Voi au Eldoret uulize kitabu kilichoshinda mwaka juzi. Kazi kubwa imebaki kwenye nakala: zichapishwe ngapi, zisafirishwe na nani, ziuzwe wapi.

#15 Jirani_Kaloleni
Na kwa nini hatutaji gazeti? Babu yangu hakuwahi kuingia maktaba, lakini ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo alikuwa anausoma kwa sauti mbele ya kinyozi. Malenga wa Mombasa anamuuliza wa Busia swali kwa beti, jibu linatoka wiki zijazo, mtaa mzima unasubiri. Hiyo ilikuwa inafika kaunti zote kwa bei ya gazeti. Redio nayo vile vile.

#16 Msee_wa_58
Sahi hiyo kazi inafanywa na simu. Kuna riwaya zinashushwa sehemu kwa sehemu kwa WhatsApp, unalipa kidogo kwa M-Pesa unatumiwa inayofuata. Siz yangu hulala saa nane akisoma. Mkisema watu hawasomi mnamaanisha hawasomi mnachotaka wasome.

#17 Mhariri_Mchovu
#16, kweli tupu, na waandishi wale hawana mhariri, hawana mkataba, na hadithi zao zinanakiliwa usiku huo huo na kuuzwa na mwingine. Wanastahili kusaidiwa kama wengine.

#18 Mama_Umoja
Mimi si mwandishi. Nimeanzisha kikundi cha kusoma hapa Umoja, akina mama na vijana, Jumamosi moja kwa mwezi. Tunasoma kwa Kiswahili, anayeona vizuri anamsomea asiyeona vizuri.

Tulipoanza tuliomba ukumbi mmoja wa umma. Tukaambiwa tulipe ada sawa na ya harusi. Tukaandika barua tukieleza hatuuzi kitu. Tukaulizwa cheti cha usajili wa kikundi. Tukasajili. Tukaulizwa kama ni mkutano wa kisiasa. Mwishowe tunakaa kwenye chumba cha Sunday school, mchungaji alitupa bure, viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Wiki ya mvua tunasogea upande mmoja kwa sababu upande wa pili unavuja. Kitabu tunanunua kimoja, tunapasuliana sura kwa foleni.

Nawasikia mkitaja Marekani na mabaraza. Sisi tungefurahia funguo za ukumbi tu, na nakala kumi za kitabu kimoja.

#19 Mkutubi_Mstaafu
Mama Umoja, nakala kumi za kitabu kimoja ndiyo huduma ambayo maktaba ya umma ingepaswa kukupa bila wewe kuomba. Nenda Buruburu, zungumza na msimamizi wa huduma, mweleze kama ulivyotueleza. Wengine hawatakujali. Utampata mmoja atakayekujali, na huyo ndiye mshike.

#20 Kijana_wa_Garissa
Kwetu KNLS ilianzisha maktaba ya ngamia mwaka 1996. Ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Niliikuta nikiwa darasa la nne. Mkeka unatandikwa chini ya mgunga, mkutubi anapanga vitabu kwa safu, mwalimu anatuita kwa darasa. Nilichukua kitabu cha sayari na nikagoma kukirudisha, ikabidi baba aje. Leo nafundisha fizikia.

Kwa hiyo nikisikia maeneo yetu hayafikiki, naona ni suala la nia. Lori lilishindwa na mchanga, mtu akafikiria ngamia. Aliyekuwa na wazo hilo alikuwa mfanyakazi wa serikali. Wakili #11, na wewe ukumbuke hao.

#21 Wakili_Mdogo
Nimekusikia mwalimu. Wafanyakazi wazuri wapo. Hofu yangu ni juu ya anayemwandikia mfanyakazi huyo hundi. Uingereza wana sheria ya 1979: kitabu chako kikiazimwa maktabani unalipwa kiasi fulani, na mwandishi mmoja hawezi kupata zaidi ya pauni 6,600 kwa mwaka. Hakuna waziri anayechagua nani apendwe, wasomaji ndio wanaoamua kwa kuazima. Serikali ikitoa pesa kwa njia hiyo sitapinga.

#22 Mkutubi_Mstaafu
Itabidi kwanza maktaba iwe na vitabu vyenu vya kuazimwa, Wakili. Tunarudi kwenye lile fungu langu.

#23 Afisa_wa_Makadirio
Nimefanya kazi upande wa bajeti za kaunti, sitasema ipi. Wengi hapa mnalaumu nia, na nia ni sehemu, lakini tazameni ratiba. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka lazima ufikishwe bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Waraka wa Mkakati wa Fedha, ambao ndio unaoweka viwango vya kila idara, mwisho ni Februari 28. Makadirio yenyewe ni Aprili 30. Wananchi wanaitwa kutoa maoni, na wanaofika ni wa barabara, wa zahanati, wa basari. Nimekaa kwenye vikao hivyo wadi baada ya wadi. Sijawahi kuona mtu amesimama kuomba vitabu. Mwandishi anaandika makala makali Juni, wakati viwango vilishafungwa Februari.

Tena maktaba kwenye bajeti inakaa idara moja na utamaduni, michezo, vijana na jinsia. Ndani ya idara hiyo uwanja wa mpira hushinda kila mara kwa sababu mwakilishi wadi anaweza kusimama mbele yake akapigwa picha.

#24 Mtu_wa_Banda
#23, hii ni elimu ambayo sikuwa nayo. Lakini si inatia nguvu dai langu la kwanza? Kazi iligatuliwa kwa watu ambao hawana sababu ya kuifanya.

#25 Afisa_wa_Makadirio
Au inatia nguvu la #6 na #18, kwamba watu wenye haja wapo lakini hawajafungamana. Chukua vile unavyoona.

#26 Binti_Pate
Afisa, vikao hivyo kwetu hutangazwa kwa gazeti linalotufikia limechelewa, na wakati mwingine hufanywa kisiwa kingine. Nauli ya boti ni juu yako. Usiwalaumu wananchi haraka.

#27 Mkenya_Ohio
Hilo la Binti ndilo lililonifanya niandike #9. Hata huku, miji mikubwa hufika kwa urahisi na vijiji vinasahaulika, mpaka baraza liwe na mtu anayeendesha gari kwenda kuwatafuta. Mshahara wa huyo dereva ndio pesa nzuri kuliko zote wanazotumia.

#28 Mwalimu_Kitui
Naunga mkono Ohio. Ningepewa kuchagua, ningeajiri mtu mmoja kila kaunti ndogo. Awajue walimu wa drama, wazee, wenye magazeti ya zamani, vijana wa WhatsApp wa #16. Jengo baadaye.

#29 Mkutubi_Mstaafu
Bila jengo mtu huyo atachoka mwaka wa pili, mwalimu. Nimewaona.

#30 Mama_Umoja
Afisa, nisaidie. Kikao cha wadi yetu kikiitwa, nikipewa dakika mbili, niombe nini? Ukumbi, vitabu au mtu?

#31 Afisa_wa_Makadirio
Omba kitu kimoja chenye jina na pahali. Sema "ada ya ukumbi fulani iondolewe kwa vikundi vya kusoma Jumamosi". Hilo halihitaji fungu jipya, wanaweza kulikubali siku hiyo hiyo. Peleka maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na uende na watu.

#32 Mkutubi_Mstaafu
Mimi ningeomba vitabu.

#33 Mwalimu_Kitui
Mimi mtu.

#34 Msee_wa_58
Mama Umoja, nitumie ujumbe tarehe ikijulikana, nitakuja na maboyz wa hapa base tujaze viti. Na kuna msee wa Inama amesema anaweza kunitafutia nakala nne za kitabu kimoja, mnasoma gani mwezi ujao?